Pikipiki Yako Haijaharibika

Mwanangu Othman,

Salamu nitazileta mwisho. Nikianza nazo nitapata pa kujificha: nitakuulizia hali, nitamshukuru Mungu kwa uzima wangu, na karatasi itajaa kabla sijasema nililokaa kulisema. Kwa hiyo nalisema kwanza. Pikipiki yako haijaharibika.

Kile kipande cha mkaa chenye springi, kinachopeleka moto kwenye plagi, ninacho mimi. Kimo katika mfuko wa koti langu, nimekifunga kwenye kitambaa. Nilikichomoa Jumapili ulipokwenda kuswali alasiri, na mama yako yuko uani anapepeta mchele. Kazi yenyewe haikuchukua muda, maana vidole vyangu vinaijua njia. Nilipanda juu nikakaa kitini, mtu mzima mwenye mvi, moyo unanienda mbio kama niliyeiba kuku wa jirani.

Leo Jumatano. Tangu juzi nakuona umepiga magoti ukumbini, unafungua hiki, unafunga kile. Kila asubuhi unaniita: "Baba, hebu njoo utazame. Moto haufiki kwenye plagi, nshajaribu kila kitu." Nami nashuka, nainama, nakohoa kidogo, natikisa kichwa kama daktari aliyeshindwa na maradhi. Jana ukaniambia, "Isipowaka mpaka kesho maghribi, basi. Meli iende zake, mie nnabaki." Ukayasema hayo kwa upole, ukaendelea kuifuta spana yako.

Nilitaka kufurahi. Si ndilo nililokuwa nikilitafuta? Nilipofika ngazi ya katikati nikasimama, nikajitazama ndani, furaha sikuiona. Sikuiona hata huzuni. Mpaka sasa sijui nina nini. Nimekaa dirishani, adhuhuri imekwisha kuswaliwa, wewe umekwenda Ng'ambo kuwaaga shangazi zako na kuombana nao radhi, na mimi naandika barua ambayo sijui kama nitakupa. Kipande nacho kiko mfukoni na sijui kama nitakirudisha. Nitaandika mpaka nijue.

Mambo ya maji, ya nguo za baridi, ya kutokula vya kuokota njiani, siyagusi. Mama yako amekwisha kuyasema yote na atayasema tena kesho bandarini mbele za watu. Mimi nina mengine, na hayajakaa kwa mpango, utanivumilia.

Kwanza nikiri kwamba safari yako siielewi. Nimewajua watu wengi waliotoka kisiwa hiki. Wengine walikwenda kuhiji, wengine kusoma, wengine kufanya biashara, wengine kumfuata mke. Wewe nilikuuliza, "Unakwenda kufanya nini huko kaskazini?" Ukanijibu, "Kupita tu, baba." Kupita tu! Mombasa, Nairobi, Isiolo, Marsabit, kisha ile njia ya jangwani isiyo na jina, peke yako juu ya pikipiki iliyotupwa na jeshi, ili upite tu. Wiki mbili nalizungusha neno hilo kichwani. Asubuhi naliona la kipuuzi. Jioni nikikuona unavyoupangusa ule mtungi wa petroli kwa kipande cha kanga, nakuonea wivu. Mtu anaweza kuwa na hasira na wivu juu ya jambo moja? Mimi ninavyo vyote viwili, na hofu iko juu yake.

Pili, juzi ulikuja mbele yangu ukasema, "Baba, naomba uniwie radhi kwa niliyokukosea." Ndivyo tulivyolelewa, msafiri haondoki na kinyongo cha mtu. Nami nikakujibu, "Wewe kanunue mswaki kwanza." Hukucheka. Mama yako alinikazia macho mpaka nikaondoka chumbani. Ukadhani nimekataa kukupa radhi yangu. Sikukataa, mwanangu. Lakini unaijua desturi yetu: anayesafiri akishaomba, anayebaki naye huomba. Kusema "nimekuwia radhi" kungenitoka bila taabu. Ilikuwa zamu yangu ya kuomba ndiyo iliyonifunga mdomo, maana ningeulizwa na nafsi yangu, unaomba radhi ya nini? Kipande kimo mfukoni. Na nyuma ya kipande kuna jambo lingine kubwa zaidi.

Hebu nikuambie na hili, maana nalo linanivuruga. Nilidhani utagundua kwamba kipande hakipo. Nimekufundisha mashine mwenyewe tangu una miaka kumi na miwili, pale dukani kwetu Vikokotoni, baiskeli kwanza, kisha injini. Nilikuambia mara ngapi kwamba moto ukipotea uanzie unakozaliwa, usianzie plagi? Siku tatu unahangaika na plagi! Jana nikajisemea, fundi gani huyu, na ndiye anayetaka kuvuka jangwa. Nikapata hoja nzuri ya kukuzuia. Nikakasirikia ujinga wako, ujinga niliouombea mwenyewe. Ndiyo maana nasema nimechanganyikiwa.

Sasa lile jambo kubwa. Nianzie mbali kidogo.

Ulikuwa na miaka sita ulipopotea vichochoroni kule Kiponda. Mama yako alikutuma kwa jirani, ukakosea kona, ukakaa kizingitini mwa watu ukalia mpaka mtu akakuleta. Nilikupakata nikakwambia, "Ukipotea usikae ukalia. Nenda mbele. Mji huu mdogo. Ukienda mbele tu, mwisho utatokea pwani au utatokea Darajani, na hapo utajijua." Ukayarudia maneno yale kama sura ya Kurani. Baba yangu aliniambia mimi hayohayo, na ninaamini baba yake alimwambia yeye. Hapa kwetu ni kweli tupu. Kisiwa kizima hakina mahali ambapo mtu akikaza mwendo hatoki penye watu.

Haukupita muda mrefu vita vikaingia, nikaandikwa jeshini, dereva wa lori, nikapelekwa kule unakokwenda wewe.

Habari za huko umezisikia barazani. Ulikuwa ukikaa miguuni pangu wazee wakiniambia, "Tupe ile ya jangwani," nami nawapa: namna lori lilivyonifia kaskazini ya Marsabit, namna nilivyotembea siku mbili nimeupa upepo shavu la kushoto, nikawatokea wachungaji wa ngamia, wakanipa maziwa. Watu wanapiga makofi. Wewe ulikuwa hupepesi macho. Najua safari hii imezaliwa pale barazani, Othman. Ulipoanza kuniuliza majina ya milima nilijua, nikakujibu kwa fahari, nikaongeza na chumvi.

Umewahi kunisikia nikilitaja jina la Makame? Hujapata.

Makame alikuwa kijana wa Uroa, tuliandikwa siku moja, tukapewa lori moja. Mtu wa mzaha, mvivu wa kuamka, mpishi hodari wa wali hata kwa maji ya kupimiwa. Eksili ilipokatika tulikuwa wawili. Na sajenti alikuwa ametuambia kabla hatujaondoka, akarudia: "Gari likikufia, kaa na gari. Gari huonekana. Mtu haonekani." Makame akasema tukae. Alikwisha kutandika turubai chini ya lori, amejinyoosha.

Mimi nikakataa. Sikuwa na kiburi, wala sikutaka sifa. Niliamini. Nilikuwa mtu wa kisiwani, na mtu wa kisiwani akipotea huenda mbele. Nilijua hakuna bahari kule, sikuwa mwendawazimu, lakini miguuni mwangu nilikuwa na hakika kwamba nchi ile nayo ina mwisho wake karibu, ina pwani yake ya namna fulani, tukikaza tutatokea. Nikamtania: "Watu wa Uroa mnaogopa kutembea, mmezoea kukaa mnangoja samaki." Akacheka. Akainuka, akafunga viatu. Ukitaka kujua nililokosea maishani mwangu, ni utani ule.

Tulitembea. Kule mbele hakubadiliki, mwanangu. Unatembea kutwa, na ukigeuka unaona mawe yaleyale meusi uliyoyaacha asubuhi. Siku ya pili mguu wa Makame ulivimba ndani ya kiatu. Tukafika penye mti mmoja wa miba, akakaa. Maji yalikuwa yamebaki katika chupa moja. Nilimwachia mafunda machache kwenye kopo, chupa nikaichukua mimi, nikamwambia, "Mbele hapo tu. Ntarudi na watu."

Akanijibu, "Haya, kaka. Mie nipo."

Wale wachungaji ni kweli. Maziwa ni kweli. Lakini nilipopata nguvu ya kusema, lugha yao sikuijua, na waliponiashiria kwa mikono kuniuliza mwenzangu yuko wapi, nikaelekeza kule, nikaelekeza huku, nikaelekeza kila upande. Sikujua nilikotoka. Walimkuta siku ya pili yake, amekaa vilevile, mgongo kwenye mti. Na lori letu, Othman, lilikuwa limekwisha kuonwa na wenzetu siku moja tu baada ya sisi kuliacha, na madebe ya maji yamo. Tungekaa, wangetukuta tumelala chini ya turubai.

Jeshini nilieleza nilivyoeleza, wakaandika walivyoandika. Vita vilipokwisha nikaenda Uroa kwa mama yake, Bi Mize. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia kweli. Nilipomwona mlangoni ameshika ufagio, nikamwambia Makame aliugua homa, alikuwa kitandani, nilimshika mkono mpaka mwisho. Akauchukua mkono wangu, ule nilioutaja, akauweka usoni pake. "Mungu akulipe, baba," akasema. Sijarudi Uroa tangu siku ile.

Unakumbuka kila mfungo ukikaribia kwisha tunaletewa ng'onda, samaki wa kukausha, kutoka shamba, amefungwa kwa kuti? Uliniuliza, "Baba, mbona ng'onda huyu hatumli, tunawapa majirani?" Nikakwambia ana chumvi nyingi. Ni wa Bi Mize. Ananishukuru. Huu ni mwaka wa kumi na kitu ananishukuru.

Na kuna kitu kidogo ambacho kwangu mimi ni kibaya zaidi. Ulipokuwa mwanafunzi mkubwa ulikwenda Fumba kwa baiskeli, ukapotea katika njia za vichakani, ukarudi jioni umeungua jua, unacheka. Ukaniambia, "Baba, nlikwenda mbele tu kama ulivyonambia, nkatokea baharini!" Wakati huo Makame alikwisha kufa, kwa maneno hayohayo. Nikakupapasa kichwa nikasema, "Ahsante, mwanangu." Ningeweza kukuambia siku ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hakuna mtu, nafasi ninayo. Sikukuambia.

Basi ulipoleta ramani yako nikaona unakwenda jangwani na somo langu kifuani, nikashindwa kusema, nikachomoa kipande cha mkaa. Naona sasa nilivyofanya. Ningeweza kukuambia maneno mawili, "Ukipotea, kaa," nikaona ni nyepesi zaidi kuiba. Maana ungeuliza, "Kwa nini, baba?"

Sasa umejua kwa nini. Lifute lile la kwanza nililokufundisha, ni la hapa tu, halivuki maji. Kule, pikipiki ikikufia, kaa na pikipiki. Kaa kivulini mwake, hata kama ni kivuli cha gurudumu. Utasikia miguu inakwambia twende, hapo mbele tu. Miguu hiyo ni yangu. Usiisikilize.

Adhana ya alasiri hiyo. Nimekwisha kujua nitakalofanya: nikitoka msikitini nakirudisha kipande mahali pake. Bado sijui kama barua hii nitakupa. Nasimama hapa.

*

Naendelea.

Nilishuka ukumbini na kitambaa changu mkononi. Nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kipande kingine. Kipya, cheusi, kinang'aa. Nikakitazama, nikakitazama na cha kwangu. Nikadhani macho yamezeeka. Nikarudisha kifuniko, nikaikanyaga pikipiki mara moja, ikawaka, ukumbi mzima ukajaa moshi.

Mama yako akatoka uani anapepea kwa upawa. Nikamwambia kwa haraka, kama mtoto aliyefumaniwa, "Nshaitengeneza!"

"Unatengeneza nini?" akasema. "Si ilipona tangu Jumatatu. Kenda mwenyewe Darajani kanunua kidude chake, kakitia hapo, mie namtazama."

"Jumatatu? Na hizi siku zote anapiga magoti anafanya nini?"

Mama yako akaizima, akasubiri moshi upungue. Unamjua, hapandishi sauti akiwa na la kusema. "Nlimuuliza na mie," akasema. "Kanambia, 'Kakichukua baba, na baba hachukui kitu bila ya sababu. Ataniambia mwenyewe. Asiponambia, siendi.'"

Nikakaa juu ya ngazi, Othman. Nilikaa mpaka mama yako akaniletea maji bila kuombwa.

Kwa hiyo fundi nimemfundisha vizuri, ujinga ulikuwa wa kwangu. Kila asubuhi uliponiita, "Baba, hebu njoo utazame," ulikuwa unanipa nafasi, nami nakohoa na kutikisa kichwa. Ulikuwa na pikipiki nzima, una tiketi, una miaka ishirini na mbili, ungeweza kuondoka na kuniacha na kitambaa changu mfukoni. Ukaiweka safari yako yote mikononi mwangu, hukuniambia. Ukakaa ukaningoja. Sikukufundisha mimi kukaa. Sijui nani alikufundisha.

Nimefadhaika bado. Nilidhani nikifika hapa akili itakuwa imetulia, na haikutulia. Sitaki uende. Nataka uende. Nikikusikia usiku umejigeuza kitandani chumba cha pili nafikiri, kesho kitanda kile kitakuwa kitupu, na nataka kushuka nikakivunje kile kipande kipya pia. Halafu naikumbuka sauti ya ile injini ilivyoitika kwa teke moja, na nikakufurahia mpaka machozi. Sitaweza kukupangia hisia zangu, zichukue zilivyo.

Mimi nami nina safari. Jumamosi, wewe ukiwa bara, nitapanda gari la shamba niende Uroa. Bi Mize amezeeka, wanasema haoni vizuri. Sijui nitaanzaje. Pengine atanifukuza, pengine atalia, pengine atasema alijua siku zote, kama ulivyojua wewe. Safari yenyewe haifiki hata nusu siku, na nimeichelewesha miaka yote hii. Ukifika mahali pa kupeleka barua, niandikie, nami nitakujibu alivyonipokea. Mti wa Makame usiutafute, maana mimi mwenyewe sijui uko wapi. Ukiona mti wowote wa miba umesimama peke yake, simama, msomee Fatiha, upite.

Kipande cha zamani kimo ndani ya barua hii, katika kitambaa kilekile. Kiweke pamoja na vifaa vyako, kiwe akiba. Kimeliwa kidogo upande mmoja lakini kitakufikisha.

Uliniomba radhi juzi nikakutania. Othman, nimekuwia radhi, ya jana na ya leo na ya njia yote utakayokwenda, kila kipande cha njia. Na mimi sasa ndiyo zamu yangu. Niwie radhi, mwanangu. Niwie kwa kipande, kwa hadithi za barazani, na kwa siku ile ya Fumba. Usinijibu kwa barua. Nakusikia hapo mlangoni unavua viatu, unamuuliza mama yako kwa nini ukumbi unanuka petroli. Nitashuka na karatasi hii, nitakupa mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize.

Zimebaki salamu nilizokuwekea. Assalamu alaikum. Mimi ni mzima. Watu wote huandika kwamba hofu ni kwako uliye mbali, na nimeyaandika maneno hayo maisha yangu yote pasipo kuyafikiria. Wewe uko chini ya ngazi, na ndiyo mara ya kwanza ninayaandika kwa kweli.

Baba yako